MREJESHO: Mama na tiba shufaa

Asalaam aleikum, mie nilouliza kuhusu mama mwenye saratani ya ziwa, hospitali Unguja walitupeleka kwa watu wa tiba shufaa (yani wa kumpunguzia mgonjwa maumivu na tabu) nkauliza ndo keshakatiwa tamaa au vipi. Jamani sivyo kabisa. Kitu cha mwanzo walimuuliza mwenyewe kinachomkera zaidi nini, akasema harufu ya kidonda, wageni wakija anajifunika kanga uso mzima, na sie wote akili ilikuwa kwenye maumivu tu! Basi wakatuelekeza vidonge vya metronidazoli vinasagwa vinakuwa unga tunanyunyiza tukibadilisha bandeji, harufu imepungua sana mashallah (nyie msijifanyie tu, muulizeni daktari kwanza). Maumivu kapewa mofini ya maji kila saa 4, na dawa ya kulainisha choo juu yake maana mofini inafunga choo balaa. Mjomba akaja juu eti atakuwa teja, nesi akakaa nae akamwelewesha, dozi inapanda kidogo kidogo kufuata maumivu yenyewe. Sasa bimkubwa anataka kwao Wete, Pemba, hawajamkatalia, wanamfundisha dadangu kupima dawa kwa sirinji kabla hatujapanda boti.