Nataka kutengeneza mazimwi ya filamu, nipo Mwanza, nianzie wapi?

Binti wa Igoma
Wakuu habari zenu. Nafanya mekapu saluni mwaka wa nne huu, maharusi, sendofu, kicheni pati, hela ya kula ipo ila moyo haupo huko kabisa. Mimi napenda vidonda, vijana wanaozeeshwa, mazimwi, yaani muvi ya kutisha wenzangu wakifumba macho mimi narudisha nyuma nione ngozi imeungwa wapi. Juzi nimemwekea mdogo wangu jeraha la moto mkononi kwa gundi ya kope, tishu na lipstiki, mama kidogo azimie, sasa anasema nimeanza uchawi. Hii kazi hapa Mwanza inawezekana au hadi Dar? Na ile boksi ya rangi ya mtandaoni ninunue? Bei yake mshahara wangu wa miezi miwili.

Fundi Plasta
Boksi achana nayo. Zimwi halianzi na rangi, linaanza na udongo, kwa hiyo jifunze kufinyanga na ujue mifupa ya uso ilivyokaa. Kazi yenyewe iko hivi, unachukua umbo la uso wa mwigizaji kwa alginati, ile poda ya madaktari wa meno inayotokana na mwani, ukikoroga na maji inaganda ndani ya dakika chache, juu yake bandeji za plasta ili isipinde, matundu ya pua wazi na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia kama mwenzenu anapumua tu. Humo unamwaga POP, ule unga wa plasta unaokorogwa na maji ukaganda, unapata kichwa, juu ya kichwa unafinyanga sura ya zimwi, unatoa moldi, yaani kalibu yake, unamwaga lateksi (mpira wa maji) au silikoni (mpira laini kama ngozi). POP tupu usimpake mtu usoni wala asizamishe mkono humo, ikiganda inatoa joto la kuunguza kweli. Silikoni ya madirisha pia weka mbali na ngozi. Na ile silikoni nzuri ya platinamu haipatani na salfa, ukitumia plastisini, ule udongo wa kufinyangia usiokauka, yenye salfa au hata ukavaa glavu za lateksi inabaki inanata haigandi, mimi nilimwaga kilo nzima nikakaa chini nikalia.

Mzee wa Nyegezi
Dada usidanganywe, zimwi halilipi kodi ya nyumba. Rick Baker mwenyewe, fundi wa mazimwi wa Hollywood mwenye Oscar 7, ya kwanza alipewa 1982 kwa mtu anayegeuka mbwa mwitu kwenye An American Werewolf in London, alistaafu 2015 akilalamika studio zinataka vya haraka na vya bei rahisi. Saluni usiache. Ila wenzetu nje wanatumia majeraha ya bandia kufundishia wauguzi na waokoaji, piga picha za kazi zako upeleke kwenye vyuo vya afya, huko hakuna anayekuita mchawi.

Mama K wa Buzuruga
Mzee wa Nyegezi umeanza na mwisho wa Baker ukaruka mwanzo. Alianzia nyumbani kwao akiwa mtoto, akamwandikia barua Dick Smith, fundi mkongwe wa mekapu za filamu, na yule mzee alikuwa anagawa siri za kazi wakati wenzake wanazificha.
Mdogo wangu, gelatini ni rahisi na inapatikana ila joto la hapa siyo mchezo, tulishuti ufukweni nikaweka kovu shavuni saa tatu asubuhi, saa sita lipo kwenye kidevu. Kwa jua tumia lateksi, kwanza jaribu tone mkononi maana wapo inaowadhuru. Halafu ukimaliza kichwa chako usikipakate wazi kwenye daladala, tia kwenye kiroba. Siongei utani, Usukumani hapa bibi zetu wameuawa wakiitwa wachawi kwa macho mekundu ya moshi tu.
Na usinakili mazimwi ya Wazungu. Nenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, umwangalie kamongo, samaki anayepumua hewa, mapezi kama kamba, uso kama mtu aliyeamshwa usiku. Zimwi likikosa mnyama wa kweli ndani yake linakuwa kinyago cha sherehe.

Binti wa Igoma
Asanteni sana jamani. Leo asubuhi nimefika mwaloni, nimemchora kamongo hadi muuzaji akaniuliza nanunua au nampima suti, ikabidi ninunue. Mama kampika, kichwa nimekiomba nikifinyange kwanza. Amekubali ila amesema kikalale nje.