Mjadala: Je, ni haki kujumlisha pointi za gredi kidato cha nne Tanzania?

Wakuu, nafundisha hesabu sekondari, na kila matokeo yakitoka suala hili hunikosesha usingizi. Tazameni watoto wawili. Wa kwanza kapata 45 katika masomo yote saba. Hizo ni C (45 hadi 64), pointi 3 mara saba, jumla 21: divisheni two, yaani daraja la pili la ufaulu (pointi zikiwa chache ndiyo bora). Mwenzake kapata 64 kwenye masomo sita, la saba akateleza akapata 44. C sita na D moja, pointi 22: divisheni three. Sasa jumlisheni alama zenyewe. Wa kwanza ana 315, wa pili 428. Aliyemzidi mwenzake kwa alama 113 ndiye aliyeshuka!

Mwaka 1946 Stevens, mwanasaikolojia wa Marekani, alitenga ngazi nne za vipimo: majina, mpangilio, vipindi na uwiano. Gredi ni mpangilio. Inakwambia B iko juu ya C, haikwambii kwa kiasi gani. B imebeba alama 10 tu, 65 hadi 74; C imebeba 20. Ukiwa wa tatu kwenye foleni, hiyo tatu haisemi uko hatua ngapi nyuma ya wa pili. Kwa nini basi tunazijumlisha kama shilingi? Na wanaotamani GPA ya 2014 irudi, nayo ilikuwa wastani wa pointi za herufi vilevile.

Mchangiaji wa kwanza: Mwalimu, nakupinga. Alama hazikupimwa kwa mizani. Insha ileile, msahihishaji huyu anatoa 44, yule 47. Lord, mtaalamu wa Marekani wa takwimu za mitihani, naye mwaka 1953 alitumia mfano wa namba za jezi kuonyesha kwamba namba hazijui zilikotoka. Jumlisha, uone kama jibu linakusaidia. Divisheni inasaidia kuchuja maelfu ya watu.

Mleta mada: Kwenye usahihishaji nakubali kabisa. Lakini kama 44 na 47 ni kitu kimoja, mbona tunazitenganisha kwa pointi nzima? Na mchujo huo ndio unaomwacha nje mwenye 428.

Mimi napendekeza gredi ya kati: zipange zote saba, chukua ya nne. Hapo wote wawili wana C, hakuna aliyerukwa. Mwenye mfano ambao njia hii inamwonea mtoto aulete, nitaupigia hesabu hapahapa.