Mabosi wanaokataza lugha ya Lua kwenye prototaipu wanatuumiza sisi na wateja

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Dar inatengeneza programu ya mauzo na stoo kwa wafanyabiashara wa Kariakoo. Injini, yaani sehemu ya ndani inayofanya kazi yenyewe, imeandikwa kwa lugha ya C++, haina shida. Balaa liko kwenye madirisha, yale mteja anayoyaona kwenye skrini. Mwenye duka la vipuri anataka kitufe cha risiti kisogezwe juu, orodha ya madeni ifunguke kwanza, maandishi yakuzwe. Maombi madogo kabisa! Ila kila badiliko lazima lipite kwenye C++, likompailiwe upya (msimbo ugeuzwe kuwa programu ya kompyuta), litengenezewe kifurushi, ndipo apelekewe. Akiliona anabadili mawazo, na ana haki. Nani anajua anachotaka kabla hajakishika?

Nikapendekeza kwenye prototaipu, yaani programu ya majaribio, tupachike Lua, lugha ndogo ya skripti, ndani ya injini. Intapreta yake, programu inayosoma msimbo na kuuendesha papo hapo, ni ndogo, imeandikwa kwa lugha ya C, na leseni yake huria ya MIT haidai hata shilingi. Unasajili fankisheni chache za C++ ili Lua iziite, ya kutafuta bidhaa, ya kuchapa risiti, halafu mpangilio wote wa madirisha unakaa kwenye skripti, faili la maandishi lisilohitaji kukompailiwa. Unakaa na mteja dukani kwake, unahariri mstari, unapakia upya, anabonyeza mwenyewe. Bosi akanijibu mbele ya watu: "Hiyo lugha ya magemu ya watoto."

Watoto gani? Lua ilizaliwa mwaka 1993 chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazil, na kazi zake za mwanzo zilikuwa za Petrobras, kampuni ya mafuta. Adobe Lightroom, programu ya kuhariri picha, sehemu kubwa ya madirisha yake ni Lua. Kama bosi haitaki Lua, ipo Tcl, lugha nyingine ya skripti ya John Ousterhout, pamoja na Tk, zana yake ya kutengeneza madirisha, kitufe mstari mmoja tu. Hata vijana wa lugha ya Python wanaotengeneza madirisha kwa Tkinter, chini yake inazunguka intapreta ya Tcl.

Badala yake tunachora picha za PowerPoint, mteja anasaini. Picha haibonyezeki! Programu ikifika anaikataa, na lawama zinatupwa kwetu, eti vijana wavivu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Na msiniletee hoja ya kasi. Kutafuta bidhaa kunabaki C++. Lua inapanga madirisha na kupokea mbonyezo, basi. Prototaipu ikikubaliwa, anayetaka aandike madirisha upya kwa C++, mara moja tu. Wenye kampuni mliomo humu, nipeni sababu moja ya kiufundi ya kukataza.