Tupeane uzoefu: postikadi za zamani za Old Kampala zimekuonyesha nini?

Mleta mada, Namirembe Road

Wadau, salaam. Uzi huu ni wa wote wenye postikadi za zamani za Kampala, hasa kilima cha Old Kampala na mitaa inayoteremka kuelekea Mengo, Kisenyi na Nakivubo. Iwe yako, ya wazee wako, au picha uliyopiga kwa simu nyumbani kwa mtu, ilete. Bei hainihusu. Tuelezane kadi inaonyesha nini, ulijuaje ni ya miaka gani, na nani kwenu aliyeitambua.

Naanza na yangu, niliyoikuta kwenye kopo la biskuti la marehemu baba. Ni safu ya maduka ya mabati yenye baraza mbele. Kwenye baraza la kwanza yupo fundi cherehani, mguu juu ya pedali, kitambaa cha kaki kimemwangukia magotini, naye amegeuka kuitazama kamera. Nyuma yake msichana amejitwika debe la maji. Maelezo yaliyochapwa chini yanataja Kampala na bazaa, basi. Ila nyuma ya kadi baba aliandika kwa penseli kwamba fundi huyo ndiye aliyemshonea kanzu yake ya kwanza ya Idi.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kadi hizi zilitengenezwa zipelekwe mbali, kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kumjua fundi wala msichana. Sisi ndio wenye haja hiyo. Wazee wanaoweza kusema "huyu ni fulani" wanazidi kupungua, na mimi sitaki kungoja.

Mwalimu, Mengo

Asante kwa kuanzisha. Nimefundisha historia miaka mingi, na kwa kadi za upande wetu huu swali langu la kwanza ni moja: kanisa kuu la kilima cha Namirembe lina paa gani?

Kanisa lililozinduliwa mwaka 1904 lilikuwa na kuta za matofali na paa la nyasi, lenye pia zilizochongoka zinazoonekana kutoka mbali. Mwaka 1910 radi ililipiga likaungua. Hili la sasa lenye kuba lilijengwa kati ya 1915 na 1919. Kwa hiyo ukiona nyasi na pia zile juu ya kilima, picha ni ya kabla ya moto. Ukiona kuba, umeshavuka Vita Kuu ya Kwanza. Kisha tazama Rubaga. Kanisa kuu la pale, lenye minara miwili, lilikamilika mwaka 1925. Nina kadi yenye kuba la Namirembe lakini minara ya Rubaga haipo bado, kwa hiyo naiweka mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Mambo mawili ya kuangalia. Ukisimama Old Kampala ukatazama magharibi, Rubaga iko kushoto kwa Namirembe. Kadi ikikuonyesha kinyume, picha ilichapwa kwa kugeuzwa, na hilo lilitokea. La pili ni rangi. Kadi nyingi za kabla ya 1914 zilichapwa Ulaya, hasa Ujerumani, na rangi zilitiwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga udongo wetu. Nimeona barabara ya Kampala ikiwa ya kijivu! Mtu yeyote aliyewahi kufua shuka nyeupe Mengo wakati wa kiangazi atakwambia hiyo si kweli. Amini maumbo, usiamini rangi.

Mzee wa reli, Nsambya

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, kama mpo. Mimi hutazama stempu kwanza. Zilizoandikwa majina ya himaya za Afrika Mashariki na Uganda pamoja ni za kuanzia 1903. Za Kenya na Uganda zinaanza 1922. Tanganyika inaingia 1935. Tazama na mfalme: Edward wa Saba alifariki 1910, George wa Tano 1936. Ila kumbukeni kwamba stempu inakuambia kadi ilitumwa lini. Picha yenyewe huenda ilikaa dukani miaka kadhaa kabla ya kupata mnunuzi.

Na kadi yenye treni ya kutoka Mombasa katika stesheni ya Kampala msiipeleke kabla ya 1931. Ndio mwaka reli kutoka Mombasa ilipotufikia, baada ya daraja la Jinja. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wasafiri walishuka treni Kisumu wakapanda meli.

Bint Kisenyi

Mwalimu, umenikumbusha nyumba yetu. Ngoja nisimulie, ni ndefu kidogo.

Jjajja wangu, yaani bibi kwa Kiganda, alipanga Old Kampala baada ya 1972. Mnajua wote: mwezi Agosti mwaka ule Amin alitangaza kuwatoa Waasia, akawapa siku tisini. Nyumba zikabaki, zikawekwa chini ya Bodi ya Kastodian, bodi ya serikali ya kusimamia mali walizoacha, na watu kama jjajja wakapanga humo. Yetu ilikuwa ghorofa moja, duka chini na vyumba juu, na roshani ya mbao inayotazama barabara. Sakafu ya juu ilikuwa ya vigae vya saruji vyenye maua mekundu na meusi. Sisi watoto tulikuwa na mchezo wa kuruka maua mekundu tu, na aliyekanyaga jeusi alitumwa maji.

Miaka ya 1990, wenye nyumba walipokuwa wakirudi kudai mali zao, siku moja akaja mama wa Kihindi wa makamo, peke yake. Hakuwa na hati wala wakili. Alikuwa na postikadi. Ilikuwa mtaa wetu! Roshani ile ile, na juu ya dirisha moja mtu alikuwa ameweka alama ya msalaba kwa kalamu ya wino. Akasema dirisha lile ndilo la chumba alichozaliwa mama yake.

Jjajja alikuwa mtu wa hofu na mambo ya nyumba, kila mpangaji alikuwa hivyo siku zile. Lakini alimwambia, "Karibu mwanangu, panda." Yule mama alipofika juu alivua viatu, akasimama juu ya maua yale. Nyuma ya kadi kulikuwa na maandishi ya Kigujarati, akatusomea. Bibi yake alikuwa akimpa dada yake, aliyekuwa India, habari kwamba sasa wana bomba la maji na hawamlipi tena mchota maji. Mjomba wangu aliyekuwa fundi bomba akadakia kwamba basi kadi si ya kabla ya mtambo wa maji wa Gaba, na wakaanza kubishana miaka kama watu waliojuana zamani.

Walikula matoke pamoja. Mwaka uliofuata nyumba ilirudi kwa ukoo ule, nasi tukahamia Kisenyi. Sitasema haikuuma, maana iliuma. Lakini yule mama alitoa nakala ya kadi akamletea jjajja, na jjajja akaweka alama yake mwenyewe juu ya dirisha la pili, la chumba walichozaliwa wadogo zangu. Nakala hiyo ninayo. Ina misalaba miwili.

Mleta mada, Namirembe Road

Dada, nimesoma mara mbili. Tafadhali andika majina ya pande zote mbili nyuma ya nakala hiyo, kwa penseli, leo.

Mkaazi wa Nakawa

Samahani, nami nina neno. Mnaongea kuhusu makanisa, bazaa na roshani. Sisi tuliokulia nyumba za serikali za Naguru na Nakawa hatuna postikadi hata moja. Nimetafuta. Mpiga picha alipanda vilima, akapiga hoteli, akapiga bustani za Entebbe, lakini aliyefua mashuka ya hoteli ile alilala wapi? Nyumba zetu zilibomolewa mwaka 2011. Nilichonacho ni picha ya harusi ya shangazi, na nyuma ya maharusi unaona mlango wetu namba juu. Kama uzi unaruhusu, hiyo ndiyo postikadi yangu.

Mleta mada, Namirembe Road

Unaruhusu kabisa. Ilete.

Kijana wa Jinja

Natoka nje ya Kampala kidogo, mnisamehe. Kwetu kadi iliyouzwa kupita zote ni ya maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani. Babu alikuwa nayo kwenye fremu. Maji meupe yanashuka kwenye mwamba, na wavuvi wamesimama ukingoni na fimbo ndefu.

Babu alifanya kazi ya kubeba zege kwenye bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Maji yalipopanda nyuma ya bwawa, maporomoko yakamezwa. Kwa hiyo mkono wake ulikuwa katika kazi iliyoondoa kitu alichokitundika ukutani, naye alijua hivyo. Nilimuuliza kama alijuta. Akasema umeme ulimsomesha baba yangu, na Ripon ilimlisha samaki babu yake, asingeweza kuchagua. Leo ukienda pale unaona maji yakijikunja kidogo tu. Watalii hupiga picha bila kujua wanachokitazama, na wengi wa vijana wa mashua hawajawahi kuiona kadi hiyo. Nimetoa nakala nikawapa wawili watatu. Sasa wanawaonyesha wageni.

Fundi picha, Wandegeya

Kwa faida ya wote: msizipeleke kadi kutiwa plastiki ya moto. Kuna mteja alifanyiwa hivyo na duka moja, wino wa nyuma ukasambaa, na plastiki haitoki tena. Msizibandike kwa gundi kwenye albamu. Skani pande zote mbili, nyuma ni muhimu sawa na mbele. Ukiona jina la Alfred Lobo, huyo alikuwa mpiga picha wa Entebbe mwanzoni mwa karne iliyopita. Itunze vizuri zaidi.

Ustadh, Kibuli

Assalaam aleikum. Nimechelewa, lakini nina kadi ambayo pengine hamjaona mfano wake. Mbele ni kilima cha Old Kampala, kabla ya ujenzi wote wa sasa. Juu ya kilima ni ile ngome iliyoanzia kwenye kambi ya Lugard, yule ofisa Mwingereza, ya Desemba 1890. Msikiti Mkuu wa Taifa mnaouona pale leo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970, ukakwama, ukakamilika 2006.

Nyuma imeandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wengi humu wanadhani Kiswahili kiliingia Uganda na askari. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa kwenye jumba la Kabaka Suna, mfalme wa Buganda, tangu 1844, aliposhuka Ahmed bin Ibrahim, na waliobaki walioa, wakazaa, wakaandikiana. Kadi yangu ni ya mmoja wa uzao huo. Anamwandikia shemeji yake Mombasa kwamba magunia ya kahawa yamefika salama, kwamba mvua imeharibu paa la jikoni, na kwamba mtoto ameshahitimu Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qur'ani. Anaomba kanzu mbili na bizari. Anamalizia kwa salamu za jirani zake, mmoja baada ya mwingine. Wengine ni majina ya Kiganda, wengine ya pwani, na mmoja naona ni la Kinubi.

Majina matatu ya mwisho yamefutika kwa unyevu na macho yangu hayayafikii. Jumamosi baada ya swala ya alasiri nitakuwa barazani Kibuli na kadi yenyewe na lenzi. Mwenye mzee anayesoma hati hizi aje naye, gari la kumrudisha nyumbani nitalilipia mimi.