MREJESHO: Kuvuta karavani hadi Uluru

Wakuu, niliuliza kama gari lisilo 4x4 linaweza kuvuta karavani (nyumba ya magurudumu) kutoka Port Augusta hadi Uluru, ule mwamba mkubwa wa Australia. Linaweza, njia kuu yote ni lami. Adui ni upepo wa mbele, unakunywa mafuta vibaya. Jaza tangi Erldunda, kituo cha njia panda, kabla ya kukata kushoto; hapo Yulara, kimji cha wageni karibu na mwamba, iko kama kilomita 245.

Matairi yapimwe asubuhi, yakiwa ya baridi. Yenye upepo mdogo hujikunja ubavuni, hupata moto, hupasuka. Presha ikipanda mchana, usiitoe! Spea ya karavani ni lazima, na hakikisha spana inaingia kwenye nati zake.

Giza likiingia paki: kangaruu na ng'ombe huingia barabarani. Kulala ni Yulara, ndani ya hifadhi ya Uluru hairuhusiwi. Kupanda mwamba kulipigwa marufuku Oktoba 2019. Kuuzunguka ni kilomita 10 hivi.