Wimbo wa taratibu: piano na sauti tupu, biti la kompyuta, au wapiga ala wenyewe?

Alto_wa_Nyegezi (mleta mada)
Mwangaluka wakuu. Nimekulia kwenye kwaya hapa Mwanza, sasa nina wimbo wangu wa mapenzi, wa taratibu, mapigo kama 70 kwa dakika. Mashairi yamekamilika, melodi ipo kwenye simu. Kabla sijaingia studio nalinganisha njia tatu: piano na sauti basi, biti la kompyuta lenye ngoma laini na besi, Bongo Fleva ya kawaida, au gitaa, besi, dramu na kinanda vipigwe na watu. Hiyo ya tatu itabidi nijibane sana. Naombeni uzoefu, matusi hapana.

Fundi_Mitambo
Dada, piano na sauti ni nafuu mfukoni lakini kooni ndiyo ngumu kuliko zote. Ngoma na besi zinaficha mengi: pumzi iliyokatika, noti iliyopinda kidogo. Piano ikiwa peke yake hata ukimeza mate tunasikia. Na ile programu ya kunyoosha sauti usiitegemee, kwenye noti ndefu inajitangaza yenyewe.

Halafu kuna suala la chumba. Studio nyingi za mitaani kwetu ni chumba cha kawaida chini ya bati, magodoro ukutani. Mvua ikishuka kutoka ziwani, kazi imeahirishwa. Maikrofoni ya kondensa inanasa bodaboda, jogoo wa jirani, feni ya kompyuta, vyote. Kama umechagua piano, omba zamu ya usiku, mtaa ukishalala. Simama shubiri moja hivi kutoka kwenye maikrofoni, na ukifika pale unapopandisha kwenye kiitikio rudi nyuma nusu hatua mwenyewe, usimwachie fundi akupunguze baadaye. Imba ubeti mzima mara kadhaa, uchague ulio bora. Prodyuza akitaka kukuunganisha neno kwa neno, mkatalie. Wimbo wa taratibu ukiungwaungwa unakufa.

DJ_Ukumbini
Mnajadili studio, mimi niulize: utasikilizwa wapi? Kwetu huku wimbo wa aina hii hauishi klabu, unaishi kwenye send-off na harusi. Maharusi wanaingia, wanakata keki, wanalishana. Piano tupu kwenye ukumbi uliojaa, sahani zinagongana, MC anaongea juu yake, nani ataisikia? Nahitaji besi na kitu cha kutembea nacho, maana wale wanaingia kwa hatua. 70 wanayumba vizuri. Ukishuka mpaka 60 wanasimama tu kama abiria wanaosubiri kivuko cha Kamanga.

Kura yangu: biti.

Sato_Mkavu
DJ, kwa hiyo Adele, yule mwimbaji wa Uingereza, alikosea? Someone Like You, aliotunga na Dan Wilson, ni piano na sauti mwanzo mwisho. Februari 2011 aliuimba kwenye BRIT Awards, tuzo za muziki za Uingereza, kule London na mpiga piano mmoja, ukapanda mpaka namba moja Uingereza.

Fundi_Mitambo
Kweli kabisa, ila tazama ulivyopanda. Watu walimwona usoni, kwenye televisheni, ukumbi umetulia. Na walishamjua kwa wimbo wa mdundo uliotangulia, albamu ilishatoka Januari. Huyu dada bado hajulikani, hana jukwaa la hivyo.

Mama_Kirumba
Mimi ni msikilizaji tu. Nyimbo mpya nazisikia kwenye Hiace ya Igoma asubuhi, spika ya nyuma imechanika, konda anaita abiria. Utangulizi wa piano wa nusu dakika haunifikii. Sauti ya mtu ikianza mapema, nageuza shingo. Anza na sauti mwanangu.

Besi_ya_Igogo
Mnamtisha bure na hiyo njia ya tatu. Si lazima bendi nzima. Ngoma ziache kwenye kompyuta, tafuta mtu mmoja apige besi kwa mkono. Besi ya mkono inachelewa kidogo nyuma ya ngoma, na huko kuchelewa ndiko kunakomfanya msikilizaji afumbe macho. Makanisa ya mjini hapa yamejaa vijana wanaoweza. Ila walipe, na muandikishane kabisa nani mtunzi na nani ana fungu gani kabla hujaupeleka COSOTA, kwa watu wa hakimiliki. Wimbo ukigoma hakuna atakayeuliza. Ukitembea, hata aliyetikisa kayamba atakumbuka kwamba ubeti wa pili aliutunga yeye.

Jiwe_la_Bismarck
Redioni umpelekee mtangazaji wa kipindi cha usiku, wa mchana atakuwekea kando. Toleo la piano lirekodi pia, litoke baadaye kama video. Na video nakuomba usiipige kwenye Bismarck. Najua jina langu, lakini kila video ya Mwanza ina lile jiwe. Mwaloni Kirumba alfajiri, dagaa wakishushwa, kwani pana ubaya gani?

Mama_Kirumba
Wimbo wa mapenzi na harufu ya dagaa 😂

Alto_wa_Nyegezi
Wabeja sana wote. Nimefikia hapa: mstari wa kwanza sauti yangu peke yake, piano inaingia wa pili, besi ya mkono kwenye kiitikio, ngoma zianzie ubeti wa pili. Mpiga besi wa kwaya yetu nitamfuata mazoezini Alhamisi. DJ, nikipata demo nakutumia uijaribu ukumbini kabla sijalipia kumiksi.

DJ_Ukumbini
Tuma. Jumamosi nina send-off Ilemela, nitaipiga wageni wakiwa wanakula. Ila itume kama faili au niletee kwenye flashi. Ukiniimbia kwenye voisi ya WhatsApp sitajua kama besi ipo au haipo.