Duka la Dar linataka mikoba yangu kwa bei ya jumla, tena mali kauli. Nikubali?

MwanaShangani
Wakuu, habari za jioni. Nina kaduka hapa Mtwara mjini, nauza mikoba ya ukili, ile mikanda ya majani iliyosukwa. Ukili nanunua kwa kina mama wa upande wa Mikindani, nabuni na kukata mwenyewe, fundi anashona, ndani bitana ya kitenge, vishikio vya ngozi. Dukani nauza 18,000.

Sasa kuna dada ana duka la zawadi Masaki, kaona picha zangu Instagram. Anataka mikoba 60 kila baada ya miezi miwili kwa 12,000 mmoja. Nitangulize mzigo, yeye atalipa kadiri inavyouzika. Gharama yangu ni ukili 5,000, bitana, zipu na vishikio 4,000, fundi 2,000. Mume wangu anasema 1,000 mara 60 si haba, nikubali. Mimi roho inasita. Wenye uzoefu njooni, anasubiri jibu.

Mchuuzi_Chikongola
Dada, hiyo 1,000 haipo. Viroba na kamba umeviweka wapi? Bodaboda ya stendi, nauli ya mzigo kwenye basi, pango la duka? Na wewe unayebuni na kukata unalipwa na nani? Dukani ile 7,000 ya juu ndiyo inakufichia hayo yote. Kwenye jumla inaondoka, unabaki uchi.

Mimi nauza madera kwa maduka ya Masasi na Newala. Napiga hesabu hadi mzigo unapopanda gari, pamoja na ujira wangu, halafu ndipo naweka faida. Kwako tuseme 13,000, basi jumla iwe 16,000. Duka la Dar nalo litaweka karibu mara mbili, kama 30,000, maana pango la Masaki si la Chikongola. Kama mkoba wako hauuziki kwa bei hiyo, vishikio vya ngozi viondoe, utengeneze wa bei rahisi kwa ajili ya jumla.

Halafu hiyo 18,000 ya dukani ipandishe. Mteja wa Dar akiiona mtandaoni atakupigia wewe simu, dada wa watu abaki anapangusa vumbi. Hapo oda ya pili usiitegemee.

Mzee_Vinyago
Mwanangu, mali kauli siyo jumla. Kwenye jumla mtu ananunua, mzigo ukidoda umemdodea yeye. Kwenye mali kauli mzigo ni wako hadi uuzike, yeye anakuazima shelfu tu. Anataka bei ya jumla na masharti ya mali kauli kwa pamoja, yaani faida yake, hasara yako. Mwambie achague.

Akitaka jumla, alipe nusu wakati wa kuagiza, nusu kabla mzigo haujapanda basi. Akitaka mali kauli, kubalianeni bei ya kuuzia, wewe uchukue asilimia 60, na uanze na mikoba 10. Muandikishane: idadi, tarehe ya kulipana, na nani anabeba kilichochafuka au kuibwa. Kuna duka lilikaa na vinyago vyangu vya mpingo msimu mzima, vikarudi viwili vimepasuka kwa kupigwa jua dirishani. Karatasi ya kumdai mtu hakuna.

MamaLindi
Bei mmeimaliza. Mimi nauliza, Oktoba na Novemba atasuka nani? Korosho zikianza kudondoka kina mama wote wako shambani wanaokota, hata umwongezee bei hakuna wa kukusikiliza. Wakitoka huko mvua imefika, na ukili unaokauka vibaya unashika ukungu. Mkoba ukifika Dar na madoa meusi haurudi sokoni.

Nunua ukili wa kutosha Julai hadi Septemba, uanike sawasawa, uweke juu ya chaga siyo sakafuni. Na tarehe ya kufikisha mzigo usiiahidi kwa kubana. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, mizigo ya kusini ilienda wapi?

Ligula_Boy
Mtaji wa kununua ukili mapema: undeni kikundi na hao kina mama, mkaulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kati yake ni za wanawake. Lebo na vifungashio, SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wapo hapa hapa mjini. Na uwe na TIN, namba ya mlipakodi, maduka ya maana yatakudai risiti.

MwanaShangani
Asanteni sana wakuu. Nimempigia. Kulipa nusu kwanza kakataa, ila kakubali mikoba 10 ya mali kauli kwa maandishi. Nilipotaja bei ya kuuzia 30,000 akacheka, kumbe yeye alishapanga 35,000!

Mchuuzi_Chikongola
Alitaka kukupa 12,000 😂 Asilimia 60 ya hiyo ni 21,000, usishuke.

MwanaShangani
Sishuki. Mama wa Lindi shikamoo, ukili ukishakauka naufunga kwenye viroba?

MamaLindi
Marahaba mwanangu. Kiroba cha plastiki hapana, kinatoa jasho ndani. Tia kwenye gunia la katani, na kila jua likitoka vizuri uutoe nje tena.